Mtoto mmoja, baba wawili na mjomba: kufuata nasaba ya Kilakota katika orodha za zamani

Mama_Wawili ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Morogoro na ninaishi Rapid City, jimbo la South Dakota, mwaka wa 11 sasa. Mume wangu ni Mlakota, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani, kwa upande wa mama yake, ambaye kwao ni Pine Ridge, eneo lililotengewa Walakota, ila yeye mwenyewe alikulia mjini, mbali na jamaa zake, na mengi ya nyumbani hakubahatika kuyapata. Mama mkwe ndiye aliyenitwika kazi hii. Anasema wajukuu zake wakiulizwa na wazee kuwa wao ni wa nani, wasijibu kwa jina la baba lililoandikwa kwenye pasipoti, bali wajibu kwa tiyóšpaye yao, yaani lile kundi la jamaa ambalo kila Mlakota hujitambulisha kwalo.

Nimekusanya nakala tatu zinazomhusu babu yake mama mkwe, ambaye hapa nitamwita Mzee, kwa kuwa majina ya watu wa familia sitayaweka hadharani. Katika orodha ya sensa ya Pine Ridge ya 1892, Mzee ana umri wa miaka 5 na ameandikwa kuwa mwana wa mtu nitakayemwita A. Katika orodha ya 1897 yumo ndani ya nyumba ya B, wilaya ya Medicine Root, naye ameandikwa kuwa mpwa. Kisha lipo jalada la mirathi la 1921, lililofunguliwa baada ya mama yake Mzee kufariki akiwa na kipande cha ardhi, na humo dada wa marehemu anatoa ushahidi kwamba baba yake Mzee alikuwa C, mtu wa Miniconjou, tawi mojawapo la Walakota, aliyeuawa Wounded Knee, pale wanajeshi wa Marekani walipowaua Walakota wengi mwaka 1890. Shahidi huyohuyo, kurasa mbili mbele, anamtaja Mzee kwa neno "mwanangu."

Nimebaki na baba wawili, mjomba au ami mmoja, na mama wawili. Juu ya hayo, mama mkwe anasisitiza kuwa wao ni Kiyaksa, kundi la Waoglala, ambao ni tawi jingine la Walakota, na wala hajawahi kusikia habari za Miniconjou. Je, kuna mtu aliyewahi kufanya kazi ya namna hii? Makarani walikosea, au mimi ndiye nisiyejua kusoma?

Mwanaisimu_wa_Pwani amejibu:

Dada, inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyekosea, na kwamba wewe kwa Kiswahili chako una nafasi nzuri ya kuzielewa karatasi hizo kuliko karani aliyeziandika kwa Kiingereza. Kwa Walakota, neno *até* ni baba, na ndugu wa kiume wa baba naye ni *até*. Neno *iná* ni mama, na dada yake mama naye ni *iná*. Sisi tunasema baba mkubwa na baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, na mtu wa pwani hashangai mtoto anapokuwa na mama wanne. Karani alipouliza "huyu ni nani kwako?" na kujibiwa "baba," aliandika baba, kwa sababu katika lugha yake mtu ana baba mmoja tu.

Kwa upande mwingine, kaka yake mama haitwi baba hata kidogo. Yeye ni *lekší*, na huyo ni mjomba wetu hasa. Dada yake baba ni *tȟuŋwíŋ*, yaani shangazi. Sasa tazama upande wa watoto, maana hapo ndipo ufunguo ulipo. Mwanamume humwita mtoto wa kiume wa kaka yake au mdogo wake wa kiume *čhiŋkší*, neno lilelile analomwitia mwanawe wa kumzaa. Mtoto wa dada yake ndiye anayemwita *tȟuŋšká*. Kwa hiyo, katika nyaraka hizi neno "mwana" lina mashaka, lakini neno "mpwa" lina uzito, kwa sababu linakuelekeza upande mmoja tu. Wazee wetu pia walimwita mpwa mtoto wa dada, kabla neno halijapanuka mijini na kuwa la kila mtoto wa ndugu.

Nikizisoma karatasi zako kwa njia hiyo, napata hivi: C ndiye aliyemzaa Mzee. A ni ndugu yake C, na ndiyo maana Mzee ni "mwana" wake. B ni kaka yake mama, na ndiyo maana Mzee ni "mpwa" wake. Shahidi wa 1921 ni dada yake mama, na alipomwita Mzee "mwanangu" alisema lugha yake tu, wala hakudai kuwa amemzaa. Hapo fumbo la wanaume watatu limekwisha na hakuna aliyesema uongo.

Jambo moja la ziada, kwa sababu utakutana nalo. Walakota wa zamani hawakuwa na desturi ya kuitana kwa majina ndani ya jamaa. Waliitana kwa neno la udugu, na kumtaja ndugu kwa jina tupu kulikuwa ni kukosa adabu. Ukimhoji mzee akashindwa kukumbuka jina la bibi yake, usidhani amesahau, kwani huenda hakupata kulitumia hata siku moja.

Karani_Mstaafu amejibu:

Nimefanya kazi katika maktaba ya chuo kimoja huku Marekani kwa miaka mingi, na nyaraka za aina hii zimepita mikononi mwangu. Maelezo ya Mwanaisimu ni mazuri, lakini ningemshauri dada asijenge nyumba juu ya neno moja la "mpwa." Aliyeandika neno hilo alikuwa karani wa serikali akiwa na mkalimani pembeni, na hatujui kama alitafsiri *tȟuŋšká* au alitumia tu neno lake la Kiingereza kwa mtoto yeyote wa ndugu. Neno hilo lichukuliwe kama dokezo, kisha litafutiwe shahidi wa pili.

Shahidi huyo utampata hivi. Orodha za sensa za maeneo ya Wahindi wa Marekani, yaani wenyeji wa asili wa huku, zilitakiwa na sheria ya 1884, nazo zipo kuanzia 1885 hadi 1940, katika mkusanyo wa maikrofilamu wa Nyaraka za Taifa unaojulikana kama M595, ambao siku hizi unasomeka pia mtandaoni. Usichukue mstari wa Mzee peke yake. Soma nyumba nzima, na nyumba za jirani zake, mwaka hadi mwaka. Katika nyumba ya A mwaka 1892, mke ni nani? Akiwa ni mama yake Mzee, basi yaelekea A alimrithi mjane wa nduguye, desturi iliyojulikana kwa Walakota kama inavyojulikana kwa makabila mengi ya kwetu, na neno "mwana" litakuwa na maana mbili kwa pamoja. Kisha rudi nyuma. Miniconjou hawakuwa watu wa Pine Ridge. Walihesabiwa Cheyenne River, eneo jingine la Walakota, kaskazini zaidi, pamoja na matawi ya Itazipco, Sihasapa na Oohenunpa. Kama C aliuawa Wounded Knee tarehe 29 Disemba 1890, basi yumkini alikuwa miongoni mwa watu wa Spotted Elk, ambaye wanajeshi walimwita Big Foot, waliotoka Cheyenne River wakikimbilia Pine Ridge kwenye baridi kali. Mtafute C katika orodha za Cheyenne River za mwisho wa miaka ya 1880, akiwa na mke na mtoto mchanga.

Jalada la mirathi ulilonalo ni dhahabu, na ningependa ulisome mara ya pili bila haraka. Ugawaji wa ardhi kwa mtu mmoja mmoja ulitokana na sheria ya 1887, na Pine Ridge ulianza 1904. Mwenye kipande alipofariki bila wasia, sheria ya 1910 ilimpa Waziri wa Mambo ya Ndani mamlaka ya kuamua warithi wake, na ili kuamua, maofisa waliwaita jamaa na kuwauliza: marehemu aliolewa na nani kwanza, na nani baadaye, watoto wangapi walifariki wakiwa wadogo, ndugu zake ni nani. Hakuna orodha ya sensa inayokupa hayo. Majalada mengi ya maeneo ya Dakota yako tawi la Nyaraka za Taifa la Kansas City. Kumbukumbu za misheni ya Kikatoliki ya Holy Rosary, iliyoanzishwa Pine Ridge mwaka 1888, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Marquette, Milwaukee. Kama Mzee au nduguze walipelekwa shule ya bweni ya Carlisle, iliyodumu kuanzia 1879 hadi 1918, mafaili ya wanafunzi yamewekwa mtandaoni na Chuo cha Dickinson.

Kuhusu majina, jihadhari sana, maana hapa ndipo wengi hupotea. Jina la Kilakota halikuwa jina la ukoo, na mtu aliweza kubadilisha lake zaidi ya mara moja. Baba yake Crazy Horse, yule shujaa wa Oglala, naye aliitwa Crazy Horse. Alipompa mwanawe jina hilo, yeye akajiita Waglula. Tafsiri nazo zilipotosha: yule chifu wa Oglala aliyeandikwa Man Afraid of His Horses, kana kwamba anawaogopa farasi wake, jina lake lina maana kwamba watu huogopa hata farasi wake. Halafu shule zikaja na kuligeuza jina la baba kuwa la ukoo. Luther Standing Bear, mwandishi wa Kilakota, alizaliwa akaitwa Ota Kte, na huko Carlisle aliambiwa achague jina moja kati ya yaliyoandikwa ubaoni, asiloweza hata kulisoma, huku jina la baba yake likiwa la ukoo. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ya ukoo tofauti, na watu wawili wenye jina moja wasiwe na undugu wowote.

Nyika_na_Nyasi amejibu:

Naomba niongeze kuhusu suala la Kiyaksa na Miniconjou, kwa sababu naona nyote mnalizungumzia kana kwamba lazima moja liwe kweli na jingine uongo. Tiyóšpaye si ukoo kama tunavyoujua, wa kufuata damu ya baba hadi mzizi. Neno lenyewe limejengwa na *thí*, kuishi, na *ošpáye*, kundi lililotengana na kundi kubwa. Mtu aliingia kwa baba, kwa mama, kwa ndoa, au kwa kufanywa ndugu. Red Cloud baba yake alikuwa Sicangu, tawi jingine la Walakota, lakini alilelewa na watu wa mama yake, katika kundi la chifu Smoke, na hakuna anayemtaja leo isipokuwa kama chifu wa Oglala. Kama Mzee alilelewa na mjomba wake Medicine Root, ambako chifu Little Wound na watu wake wa Kiyaksa walikaa, basi yeye ni Kiyaksa, na mama mkwe hakukosea.

Kiyaksa wenyewe hawakuwapo tangu azali. Mwaka 1841 chifu Bull Bear aliuawa katika ugomvi na watu wa Smoke. Waoglala wakagawanyika, na wafuasi wa Bull Bear, baba yake Little Wound, ndio waliokuja kujulikana kwa jina hilo. Ukivuka mwaka huo kurudi nyuma, usitafute jina la Kiyaksa, tafuta watu.

Na msisahau udugu wa kufanywa, *huŋká*. Mnamo 1857 Sitting Bull, kiongozi maarufu wa Walakota, alimwokoa kijana wa Assiniboine, adui wa vita, akamfanya ndugu yake. Baba yake Sitting Bull, ambaye kabla ya hapo alikuwa amempa mwanawe jina lake na kujiita Jumping Bull, alipouawa, jina hilo la Jumping Bull alipewa kijana yule. Walikufa pamoja tarehe 15 Disemba 1890. Mtafiti anayefuata damu peke yake angewaona hao kuwa si ndugu. Kwa hesabu ya Walakota walikuwa ndugu kamili.

Karani_Mstaafu amejibu:

Nakubali, na nirekebishe mkazo wangu: karatasi zinatafuta baba, tiyóšpaye inauliza ulilelewa na nani. Ila dada atenganishe mambo mawili. Akitaka kuwaandikisha watoto katika kabila, katiba ya Oglala inaanzia kwenye orodha ya 1 Aprili 1935, na kitakachotakiwa ni vyeti vya kuzaliwa vinavyounganisha mtoto na jina lililomo humo; masharti mengine aulize ofisi ya uandikishaji yenyewe. C na A hawatahitajika. Vipimo vya vinasaba vinavyouzwa madukani havitamsaidia pia, kwa kuwa havimtaji mtu kuwa ni wa kabila fulani. Mwaka 2021 wanasayansi walithibitisha kitukuu cha Sitting Bull kwa kutumia nywele za babu huyo, lakini pale palikuwa na nywele zilizojulikana ni za nani.

Mama_Wawili amejibu:

Nawashukuru kwa dhati. Nimerudi kwenye orodha ya 1892 na kusoma nyumba nzima. Mke wa A ni mama yake Mzee, jina lake la Kilakota ni lilelile lililo kwenye jalada la 1921, ingawa herufi zimeandikwa tofauti. Mwaka 1897 yumo nyumbani kwa B, na ameandikwa kuwa dada. Kwa hiyo B ni mjomba, na neno "mpwa" limepata shahidi. C bado sijampata Cheyenne River; nimeanza na 1887.

Nilipomsomea mama mkwe, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba bibi yake alikuwa akiwakataza watoto kucheza jirani na Wounded Knee, na hakuna aliyewaeleza sababu. Ameniomba nisiwaambie watoto habari za C mpaka yeye mwenyewe awe tayari kuzieleza. Medicine Root tutakwenda naye mwezi ujao, ambako bado yuko dada yake mdogo. Watoto wameniuliza watamwitaje, nami nikawajibu kwa Kiswahili kuwa huyo ni bibi. Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali: *uŋčí*, akasema, kama mimi.