Nyuma ya tuktuk kuko wazi

*Kikundi: Ukoo na Majirani, Mwembe Kuku*
*Jumamosi, saa tatu kasoro usiku*

Kibwana: Assalam aleikum jamaa. Tuktuk imetoka kwa fundi wa bodi, rangi imekauka. Kesho alfajiri naipeleka kwa mchoraji. Nyuma kuko wazi, nimchore nani? Mchoraji ataka jibu leo kabla ya saa nne. Akishalala huyo hapatikani mpaka Jumanne.

Athmani: Messi. Kwaherini.

Fatma: Messi wa ngapi tena? Jana nimeshuka feri nikahesabu tuktuk tatu zimepangana, zote Messi, na hakuna hata mmoja aliyefanana naye. Mmoja alikuwa kama yule muuza mabuyu wa Makadara.

Athmani: Ballon d'Or nane. Kombe la Dunia 2022. Una la kusema?

Fatma: Nnalo. Mwembe Kuku haijui.

Juma Likoni: Ronaldo 🐐

Athmani: Huyu naye. Tano na nane ipi nyingi? Ulisomea wapi hesabu?

Juma Likoni: Nilisoma na wewe, na wewe ndiwe uliyekuwa ukinakili kwangu.

Kibwana: Jamani, muda.

Fatma: Mchore mtu wa kwetu basi. Victor Wanyama, yule mchezaji wa Kenya. Aliwafunga Barcelona na Messi yuko uwanjani, 2012, Celtic wakashinda 2–1. Ukitaka Messi awepo, mchore nyuma kwa mbali, ameshika kiuno.

Juma Likoni: 😂😂😂 hiyo nailipia mimi

Kibwana: Sura moja elfu tatu. Mbili elfu sita. Walipa kweli?

Juma Likoni: Niko kwenye feri, mtandao wakatika katika

Athmani: Wanyama si wa Mombasa lakini.

Fatma: Na Messi ni wa Kongowea?

Ami Salim: MAHMOUD ABBAS.

Fatma: Shikamoo Ami. Punguza herufi kubwa, yaonekana wapiga kelele.

Ami Salim: MARAHABA. NAPIGA KELELE.

Athmani: Abbas ndiye nani Ami?

*Ami Salim anaandika…*

*Ami Salim anaandika…*

Fatma: Athmani, umetutia hasarani. Hapa twamaliza saa sita.

Ami Salim: NYINYI WATOTO MWAJUA JINA LA MBWA WA MESSI NA HAMUMJUI KIPA WENU. MAHMOUD ABBAS, KIJANA WA MOMBASA HII, AKAENDA AFC LEOPARDS, AKADAKIA HARAMBEE STARS, WATU WAKAMWITA KENYA ONE. 1981 KOMBE LA CECAFA, LA AFRIKA MASHARIKI NA KATI, TUKAWAPIGA TANZANIA KWAO DAR ES SALAAM, MOJA BILA. 1982 FAINALI KAMPALA, UGANDA WENYEWE, MOJA MOJA, IKAENDA PENALTI, KOMBE TUKALIBEBA. 1983 ZIMBABWE, NAIROBI. MARA TATU KWA MPIGO. TOKA HAPO MPAKA LEO NITAJIENI MARA TATU KWA MPIGO.

Athmani: Ila sisi CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, ya mwaka jana… yaani ile ya 2024 iliyochezwa Agosti 2025, tuliwapiga Morocco bwana. Ogam akafunga! Na Morocco ndio waliobeba kombe mwishoni. Kwa hivyo ukipiga hesabu vizuri…

Fatma: Ukipiga hesabu vizuri tulitolewa na Madagascar kwa penalti. Angekuwepo huyo Abbas wa Ami tungevuka.

Ami Salim: MWANANGU FATMA UNA AKILI. URITHI WA BABU YAKO.

Kibwana: Ami, hoja nimeipenda wallahi. Ila abiria wangu ni wanafunzi na kina mama wa Kongowea. Nani atamjua?

Ami Salim: ATAULIZA. UTAMWAMBIA. SAFARI YA KUTOKA MWEMBE TAYARI MPAKA KONGOWEA NA FOLENI ILE, UTAMALIZA HADITHI NA CHENJI.

Baraka jirani: Hodi hodi. Nimechelewa, nilikuwa kanisani mazoezi ya kwaya. Nani amekufa? Ujumbe 46.

Fatma: Hakuna msiba Baraka. Twachagua sura ya nyuma ya tuktuk ya Kibwana.

Baraka jirani: Aaa. Basi mwanamuziki. Mpira una timu, wa Arsenal hapandi tuktuk ya Manchester. Muziki hauna adui. Mwekeni Mzee Ngala na saksafoni yake. Bango ni yetu, imezaliwa hapahapa, harusi gani ya Pwani yapita bila bango?

Juma Likoni: Diamond basi kama ni muziki. Vijana wapanda.

Athmani: Diamond apelekwe Tandale kwao. Hapa ni Ali Kiba.

Juma Likoni: Na Kiba ni wa wapi? 😂 Si Dar vilevile!

Fatma: Mwaona tabia yetu? Ikija mpira twaangalia Uingereza, ikija muziki twaangalia Dar. Mtu akitoka Mombasa twangoja Nairobi wamsifu kwanza ndiyo nasi tumjue. Them Mushrooms walianza kupigia hoteli za hapa, wakatoa ule wimbo wao wa "Jambo" 1982, Boney M wakauchukua, mpaka leo mtalii ashuka uwanja wa ndege akiuimba. Sasa muulize Athmani waliuimba kina nani.

Athmani: Nlikuwa najua ni wa serikali.

Ami Salim: LAHAULA.

*Khala Rukia: 🎤 ujumbe wa sauti, dakika 3:12*

Juma Likoni: Mtu afupishe, bando langu lalia.

Fatma: Dakika ya kwanza asalimia, auliza mguu wa Mama Kibwana. Ya pili asema ukichora mtu yeyote basi ungemchora Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, kwa vile tangu afe 2014 hajasikia mwanamume akalalamika kwa adabu. Kisha ajikatiza mwenyewe asema la, usichore sura ya mtu kabisa, chombo cha riziki hakitiwi sura, waandike maneno.

Khala Rukia: Ndiyo hivyo. Na umeacha la muhimu Fatma. Nimesema tuktuk ni kama leso. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Usipoweka jina umevaa kitambaa tu. Nendeni Barabara ya Biashara mkaangalie zile Mali ya Abdulla, mtu hanunui rangi, anunua jina. Maneno yasemwa na leso, wewe mdomo wako umefunga. Kibwana tuktuk yako ina pindo, ina mji. Tafuta jina.

Fatma: Khala 👏👏 hapo umemaliza

Kibwana: Na maandishi ni rahisi! Herufi moja shilingi mia.

Ami Salim: KENYA ONE. HERUFI NANE. MIA NANE. SURA HAPANA, RUKIA ASIKASIRIKE.

Athmani: Ami, ukiandika Kenya One watu watauliza ni chama gani. Mwaka ujao uchaguzi, wataipiga mawe.

Juma Likoni: Au polisi waipigie saluti 😂

Kibwana: Hiyo ya saluti si mbaya.

Mama Kibwana: Nimenyamaza sana. Pesa za tuktuk hiyo ni za chama changu cha akina mama, na kila Ijumaa nadaiwa. Andika nambari ya simu kubwa, watu wakupigie. Habari ya Abbas na Bhalo haijazi tangi.

Kibwana: Nambari ni tarakimu kumi mama, elfu nzima.

Mama Kibwana: Basi andika kwa chaki.

Fatma: 😂😂 mama

Baraka jirani: Ngojeni. Ngojeni kidogo. Khala ataka maneno. Ami ataka mpira wa zamani. Fatma ataka mtu wa kwetu. Mimi nataka mtu wa Freretown, sifichi. Leonard Mambo Mbotela.

Athmani: Yule wa redio?

Baraka jirani: Yule wa redio. Amezaliwa Freretown 1940, hapo Kengeleni unapogeukia. Wazee wake ni wale waliokombolewa utumwani wakawekwa pale. Akatangaza mpira mpaka mtu aliyekaa nyumbani akawa ajua nyasi za uwanja zina urefu gani.

Ami Salim: Subhanallah. Mbotela.

Fatma: Ami ametoa herufi kubwa. Jambo limemgusa.

Ami Salim: Sisi mpira wa wakati ule hatukuuona. Tuliusikia. Redio ilikuwa moja mtaani, ya marehemu babu yenu, yawekwa dirishani na watu wakaa barazani na nje mpaka kwenye mtaro. Mbotela akiinua sauti, hata muuza kahawa asimama na buli mkononi. Huwezi kumwambia mtu mwenye simu hadi chooni utamu wa kungoja sauti. Na mwaka huohuo wa Kampala, Agosti mosi, ndipo wanajeshi walipomchukua nyumbani wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Sauti ileile. Babu yenu akazima redio akatwambia tuingie ndani. Mbotela ametufia Februari 2025 na sikuona sura yake kwenye tuktuk hata moja.

*dakika nne kimya*

Juma Likoni: Nimeshuka feri. Nimesoma. Mungu amrehemu.

Kibwana: Lakini sauti yachorwaje?

Baraka jirani: Haichorwi. Yaandikwa. Kipindi chake, tangu 1966, kile cha kuwasema watu wasio na adabu. Asimulia mtu aliyekata foleni, au aliyetema mate ndani ya basi, kisha auliza:

Baraka jirani: JE, HUU NI UNGWANA?

Fatma: 😭😭😭😭 nyuma ya tuktuk!!

Athmani: Wee. Hapo nimeacha Messi.

Fatma: Fikiri. Kibwana amekuchomekea pale mzunguko wa Makupa, umeshika breki, roho i mkononi, wainua macho wasoma: Je, huu ni ungwana?

Juma Likoni: Na jibu lajulikana 😂😂

Kibwana: Mimi naendesha kwa adabu.

Mama Kibwana: Wiki jana ulimrusha mwenye mkokoteni na viazi vyake vyote. Mtu akaja mpaka nyumbani.

Kibwana: Mama, hayo yalikuwa ya ndani.

Khala Rukia: Hilo ndilo jina la leso. Lasema na mwenye nalo pia. Limepita.

Ami Salim: LIMEPITA. ILA UBAVUNI WEKA KENYA ONE KWA HERUFI NDOGO.

Fatma: Ami herufi zimerudi, alhamdulillah.

Kibwana: Saa nne kasoro dakika tano. Nampigia mchoraji.

*Saa nne na dakika mbili*

Kibwana: Amepokea, nimemwamsha, amenitukana kidogo. Amehesabu: herufi kumi na nne, elfu moja mia nne. Mkato atia bure. Lakini asema kiulizi ni kikubwa, chala rangi kuliko herufi, ataka mia yake.

Athmani: Kiache. Watu wataelewa.

Fatma: Ukikiacha Kibwana utakuwa hujamuuliza mtu kitu. Utakuwa wajivunia.

Mama Kibwana: Chama changu hakilipi kiulizi.

Ami Salim: LIPA. MIA NATOA MIMI. PITA UICHUKUE BAADA YA ALFAJIRI, NA UPITE POLEPOLE, KUNA WATOTO WAENDA MADRASA.