Maandamano ya Nane Nane: nani atangulie?

Mratibu_Kata: Wakuu, Agosti 8 tunaandamana kilomita moja na nusu hadi uwanjani. Tuna tarumbeta, wanafunzi, matrekta 3 yenye tela na jozi 4 za maksai. Tupange vipi?

Fundi_Gia: Waenda kwa miguu mbele, kisha maksai, matrekta mwisho. Dereva aingize gia ya kwanza, upande wa nzito (ule wa mwendo mdogo), injini ikizunguka taratibu. Akipunguza mwendo kwa kushikilia klachi nusu, sahani ya klachi itaungua njiani. Pedali mbili za breki zifungwe pamoja kwa komeo lake. Ukikanyaga moja tu, trekta linageuka ghafla kwenye umati. Pini ya tela iwe na kizuizi chake. Na jamani, asipande mtu kwenye madigadi wala kwenye mkono wa tela, hata awe diwani.

Mzee_wa_Maksai: Kwenye gia nakubali, kwenye mpangilio hapana. Ng'ombe akisikia injini nyuma yake asiyoiona, hukimbilia mbele, na mbele umeweka watoto. Maksai wakae mwisho, mita 50 nyuma ya trekta la mwisho. Kila jozi iwe na mtu wa kamba mbele na mwingine nyuma. Wanyweshwe kabla. Plau ipakieni kwenye tela, msiiburuze lami. Mtu wa koleo la samadi asisahaulike.

Mratibu_Kata: Nimeelewa. Tela moja tumelipamba kwa mabua ya mahindi.

Fundi_Gia: Makavu? Yawe mbali na ekzosi, na mweke ndoo mbili za mchanga.