Tupeane uzoefu: mhusika wako alipowekewa nyaya za wepesi, yalimkuta yapi?

Wakuu, kwema? Sisi ni watu watano hapa Kigoma, tunacheza Shadowrun kila Jumamosi jioni nyuma ya duka la jamaa yetu, mtaa wa Mwanga. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa mezani wa kuigiza uliotoka Marekani mwaka 1989. Mambo yanatokea zaidi Seattle, miaka ya 2050 na kuendelea, uchawi na mashine vimekaa nyumba moja. Unatumia dadu za kawaida za pembe sita, kwa hiyo tulikomba dadu zote za ludo pale dukani mpaka mwenye duka akauliza tunacheza kamari gani.

Uzi ni wa Wired Reflexes, sisi tunaziita "nyaya" tu. Mhusika anapasuliwa, anatandikiwa nyaya kwenye mishipa ya fahamu, ugomvi ukianza anatenda kabla mwenzake hajapepesa. Bei yake si hela peke yake. Kila binadamu anaanza na pointi 6 za Essence, kwetu "kiini". Nyaya daraja la kwanza zinakula 2, la pili 3, la tatu 5. Kiini kikiisha, umekufa.

Mimi nilichukua daraja la pili. Tunatumia toleo la tatu, kwa hiyo wakati wa kuamua nani anaanza narusha dadu tatu, wenzangu moja moja. Raha tupu! Sasa Jumamosi iliyopita hakukuwa na vita. Mhusika wangu kapanga foleni ya supu. Msimamizi wetu, yule anayeongoza mchezo, anasimulia taratibu, mvua, mvuke wa sufuria, bibi mbele anahesabu chenji. Halafu anasema: "Kuna mkono umekugusa kiunoni, kwa nyuma." Nikafungua mdomo. Akanikatiza: "Usiniambie unafanya nini. Umeshafanya." Akarusha dadu yeye.

Alikuwa mtoto, miaka minane hivi, anauza viberiti. Mkono wake umevunjika mara mbili.

Meza nzima kimya, inasikika jenereta ya jirani tu. Na swichi ya kuzima nyaya ipo, inauzwa kando, mimi niliona ni kupoteza hela. Haya, tiririkeni na yenu.

Kizibo_Namba_Saba
Mkuu, sisi wa Ujiji tunacheza Cyberpunk RED, mchezo mwingine wa kuigiza wa watu waliojiwekea mashine mwilini. Ule unataka dadu za pembe kumi, nani anauza huku? Tumeandika namba kwenye vizibo kumi vya soda, tunachomoa ndani ya kofia, tunarudisha. (Jina langu limetoka huko, kile kizibo kina kutu na kila mtu anakijua kwa kukipapasa. Tumekipiga marufuku.)

Kule vifaa vya wepesi kama nyaya zenu viko aina mbili. Sandevistan unaiwasha mwenyewe: dakika moja unaongezewa 3 kwenye kuwahi zamu, kisha unasubiri saa nzima ipoe. Kerenzikov inaongeza 2 lakini haizimwi, unalala nayo. Huwezi kuwa nazo zote mbili. Mimi nikasema ya kuwashawasha ya nini, nipe ya kudumu.

Wakuu, ile inakula utu. Sisemi kwa mafumbo, kwenye karatasi kuna hesabu inaitwa Humanity, sisi tumeandika "Utu". Mhusika wangu, ni wa kike, alianza na 50. Kiunganishi cha neva, ambacho lazima utangulie nacho, kikala 7. Kerenzikov ikala 14. Amebaki na 29, na kwa kuwa uwezo wa kuelewana na watu unasomwa kwenye makumi ya namba hiyo, ameshuka kutoka 5 hadi 2. Sijampiga mtu hata kofi! Baadaye tunakwenda kumwomba mama yake mzazi atufiche siku mbili, na mimi ndiye wa kuongea. Nikachomoa kizibo namba 1, ambacho ni kushindwa vibaya. Mama akafunga mlango kwa ndani.

mganga_wa_reli
Nyie mnalia utu, mimi nililia uganga. Nikiwa Tabora chuoni nilikuwa na mhusika mchawi, Shadowrun hiyohiyo. Uchawi unashuka pamoja na kiini. Nikachukua daraja la kwanza tu, uchawi 6 ukawa 4. Nilikuwa nawahi kuliko wote kwenda kufanya kitu ambacho sikiwezi tena.

Mla_Migebuka
Nilidhani uzi wa dawa za nguvu. Narudi Kibirizi.

Nesi_Wa_Zamu
Nimecheka foleni ya supu, ila niseme la kazini. Ile nyundo ndogo tunayogonga chini ya goti, mguu unaruka kabla ubongo haujaletewa habari, maana amri inageuzia kwenye uti wa mgongo. Mgonjwa anautazama mguu wake mwenyewe kama wa jirani. Kwa hiyo msimamizi wenu kusema "umeshafanya" mimi naona amepatia kuliko waandishi wa mchezo.

Mezani kwetu tuliliendeleza hilo. Mhusika wangu ana nyaya na hana usingizi. Mjusi akitembea ukutani, macho wazi. Lakini kinachomchosha ni mazungumzo. Mtu anaanza sentensi, yeye ameshajua mwisho wake, anangoja midomo ifike. Siku moja msimamizi alinifanya nisubiri kikombe cha chai kijae: akahesabu kwa sauti mpaka 40, kimya, sote tunamtazama. Nilitaka kumrushia dadu.

Kizibo_Namba_Saba
Dada, mpeleke tiba. Kwetu ni wiki nzima ya mchezo na hela ndefu, unarusha dadu mbili, jumla yake ndiyo pointi za utu anazorudishiwa. Ila si zote zinarudi, kila chuma kinashusha kilele cha utu wake kwa 2.

Fundi_Gungu
Mimi hapo ndipo naposhindwana nanyi. Baba yangu mdogo ana mguu wa bandia, na ni mtu wa watu kuliko mimi mwenye miwili. Mkisema chuma kinapunguza utu mnamaanisha nini?

Kizibo_Namba_Saba
Baba mdogo yuko salama mkuu. RED imeandika wazi, kiungo cha tiba cha kurudisha ulichopoteza hakikati utu. Kinachokatwa ni cha kujizidishia.

Fundi_Gungu
Hapo sawa. Matoleo ya zamani ya mchezo huo yalikuwa hayanikai kabisa.

Nesi_Wa_Zamu
Mleta uzi, umetuacha njiani. Mtoto wa viberiti aliishia wapi?

Mleta uzi
Nilimpeleka kwa tabibu wa mtaani, nikalipa zile hela nilizobania kwenye swichi. Msimamizi akaniuliza ninambebaje. Nikasema mikononi. Akasema mtoto amekukazia macho, kila ukipumua anashtuka.

Nikamweka chini, nikamwambia atangulie. Nikawa namfuata nyuma, hatua kumi.

Jumamosi umeme ukiwepo tunaendelea hapohapo.