Mwanzilishi ndiye mwenyekiti, ndiye mweka hazina, ndiye meneja. Nifanyeje?

Katibu wa bodi:
Habari zenu. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha kuokoa mbwa na paka. Bodi ina wajumbe watano, wawili ni mtu na mkewe. Dada aliyekianzisha kikundi anaongoza vikao, anashika hesabu, tena ndiye anayeamua mnyama gani apokelewe. Namheshimu sana, wengi wa wanyama hawa wako hai kwa sababu yake.

Mwezi uliopita alipokea watoto sita wa mbwa usiku, vyumba vya karantini vikiwa vimejaa. Akawalaza kwenye chumba cha kufulia. Siku ya nne mmoja akaanza kuhara damu: parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa. Wawili wakafa, na bili ya daktari wa mifugo ikala akiba yote. Kikaoni nikauliza nani aliidhinisha. Kimya. Nimepekua mihtasari yote, hakuna mahali tulipowahi kuandika uwezo wetu ni wanyama wangapi. Mihtasari hiyo nimeiandika mimi, na jambo hilo linaniuma. Nianzie wapi bila kumvunja moyo?

Mweka hazina mstaafu:
Pole, dada. Anzia kwenye pesa, usianzie kwake. Kila malipo yawe na saini mbili za watu wasioishi nyumba moja, na anayelipa asiwe ndiye anayelinganisha daftari na taarifa ya benki. Hilo linamlinda hata yeye, siku mfadhili akiuliza.

Halafu angalia akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali. Kama katiba yenu inasema watatu, basi mwanzilishi na hao wanandoa wanaweza kukaa wakapitisha lolote ninyi wawili mkiwa hampo. Ongezeni wajumbe wawili, akidi iwe wanne.

Msimamizi wa makao:
Mimi niko upande wa vibanda. Bodi ipange idadi, kisha imwachie meneja kazi ya kila siku. Idadi ikijaa, hakuna kupokea mpaka apatikane mlezi wa muda anayetajwa kwa jina, na mjumbe mmoja apigiwe simu kwanza. Hata saa nane usiku. Na mjumbe akija kufagia vibanda, siku hiyo ni mtu wa kujitolea kama wengine, asitoe amri.

Kile chumba cha kufulia kisafisheni kwa dawa yenye klorini. Kirusi cha parvo hukaa sakafuni miezi na miezi, na sabuni ya kawaida haikiui.

Katibu wa bodi:
Asanteni mno. Jana nilimfuata peke yake, akiwa anawanywesha dawa wale wanne waliobaki. Nikamwambia nataka tuandike idadi. Akanyamaza, kisha akasema, "Andika ishirini. Simu ikilia usiku, nipe namba yako niwape." Nimempa. Hazina ataikabidhi kikao kijacho. Uenyekiti hatujaugusa bado.