Fishi tepu ya chuma, ya nailoni au ya faiba: nichukue ipi?

Makorora_Umeme: Wakuu, habari za jioni. Nataka fishi tepu yangu mwenyewe, ule utepe wa kuvutia nyaya ndani ya paipu za ukutani, nimechoka kuazima. Dukani kuna ya chuma, ya nailoni na ya faiba. Kesho kutwa napita kununua. Ipi?

WaChuda: Mkuu, umetutupia swali nusu. Paipu za ngapi? Urefu gani? Kona ngapi? Nyumba ina umeme au bado? Au tupige ramli?

Makorora_Umeme: Samahani. Nyumba ya ghorofa Raskazone, pale Tanga karibu na bahari, paipu za milimita 20, zimeshapigwa plasta. Kipande kirefu kama mita 18, kona tatu. Chini wanaishi watu, umeme upo.

BabaMwana: Chuma, usijadili. Inasukumika. Nailoni kwa mita 18 na kona tatu itajikunja humo ndani kama tambi.

Dada Fundi: Baba, "umeme upo" hukuisoma? Nilikuwa Ngamiani naongeza soketi. Msaidizi akasema amezima. Kumbe kazima breka ya taa, ya soketi iko hai. Nasukuma chuma, ncha ikachomoza kwenye boksi na kugusa waya. Paa! Mwanga wa buluu, harufu ya plastiki, mkono ukafa ganzi hadi magharibi, na mguuni nina kandambili. Ile ncha ninayo mpaka leo, imeyeyuka ikawa kidonge kama tone la risasi ya kuchomelea. Siku hizi hata azime nani, testa naishika mwenyewe.

BabaMwana: Pole dada, lakini hilo ni kosa la msaidizi, si la tepu.

Dada Fundi: Msaidizi nilimfukuza. Chuma pia. Na kwa hewa ya chumvi ya Raskazone, usipoifuta inaota kutu ndani ya kasha lake.

WaChuda: Faiba basi. Haipitishi umeme na ina ugumu kuliko nailoni. Ila ikianza kuchanika vaa glavu, vibanzi vyake vinawasha balaa.

Pweza_Tanga: Mnapoteza hela tu. Chukua uzi wa kuvulia, ufunge kipande cha sponji, upande wa pili weka mashine ya kufyonza vumbi. Uzi unafika wenyewe, unavutia kamba, kamba inavuta waya. Zamani tulifunga kipande cha rambo, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 ndiyo hivyo tena.

BabaMwana: Na waya unapaka nini ili uteleze? Mimi sabuni ya maji.

Dada Fundi: Sabuni ikikauka inagandisha nyaya, siku ya kuzibadilisha utalia. Poda.

WaChuda: Poda kwa mita 18? Nunua jeli yake ya kuvutia waya.

BabaMwana: Jeli! Marehemu mwalimu wangu alivuta Tanga nzima kwa sabuni ya mche.

Makorora_Umeme: Nimepiga simu dukani, faiba imeisha. Pweza, hiyo mashine unaazimisha?

Pweza_Tanga: Nakodisha. Wahi asubuhi, saa mbili naondoka kwenda Pangani.

Dada Fundi: Sponji ikinasa kwenye kona ya pili utaitoa na nini, Pweza?

BabaMwana: Na chuma 😂