Mjadala: Shahada ya sayansi ya kompyuta, tupunguze nadharia au tubadili mitihani?

Mtoa mada: Kila mtaala unapopitiwa upya, wapo wanaotaka nadharia ipunguzwe kwa sababu wahitimu hawajui hata Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya programu. Napinga. Kasoro iko kwenye mtihani. Mwanafunzi anaandika kwenye karatasi algoriti ya kutafuta kwa kugawa nusu (orodha iliyopangwa inakatwa katikati kila mara, chini na juu zikiwa namba za nafasi za mwanzo na mwisho wa sehemu iliyobaki), anaweka kati = (chini + juu) / 2, anapata alama zote. Kwa namba za biti 32, jumla ikizidi 2,147,483,647 inageuka hasi na programu inaanguka. Kosa hilohilo lilikaa miaka mingi kwenye maktaba (msimbo ulio tayari kutumika) ya lugha ya programu ya Java hadi lilipotangazwa 2006. Dawa yake ni chini + (juu − chini) / 2. Karatasi haiwezi kulifichua. Atakayeliona ni aliyefundishwa namba zinavyohifadhiwa, kisha akalazimishwa kupima programu yake kwa thamani za mipakani.

Mchangiaji wa 1: Sawa, lakini saa za muhula ni zilezile. Ukiongeza kupima, unatoa nini? Mimi ningefuta masomo ya lugha moja moja: Java muhula huu, C++ ujao, na kila mara wanarudia vitanzi (amri zinazorudiwa) na safu (orodha za thamani). Lugha moja ifundishwe kwa kina, nyingine waikute ndani ya somo la mifumo endeshi.

Mchangiaji wa 2: Na mradi wa mwisho je? Unaandikwa upya kuanzia sifuri, unaonyeshwa, unatupwa. Afadhali wapokee kodi, yaani msimbo wa programu, ya waliotangulia. Wiki ya kwanza waiwashe tu (wengi watakwama hapo, maana matoleo ya maktaba hayakuandikwa popote). Wiki mbili zinazofuata waandike majaribio kabla ya kugusa mstari wowote. Ndipo waongeze kipengele kimoja, kila badiliko likaguliwe na mwenzao. Alama zitokane na historia ya mabadiliko na mahojiano ya dakika 10, kwa sababu siku hizi akili mnemba inaandika kodi safi ambayo mwasilishaji haielewi.

Mchangiaji wa 1: Wanafunzi 200 kwa dakika 10 ni zaidi ya saa 33. Nani atazifanya?

Mtoa mada: Wahadhiri wanne, saa nane na ushei kila mmoja. Kusahihisha karatasi 200 si kazi ndogo kuliko hiyo. Ila swali liwe la kuchoma: "Ukiondoa kufuli hili (linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati), nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda sambamba ndani ya programu, zikiongeza kaunta mara milioni moja kila moja, kwa nini jumla inaweza isifike milioni mbili?" Aliyeelewa atataja hatua tatu, kusoma, kuongeza, kuandika, na atakuonyesha zinapogongana.