KILO MBILI?! Shati la jitu la mita 17 lina uzito wa KILO MBILI?!

Wakuu, mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Ni yule yule mwenye jedwali la vipimo vya majitu ya hadithini, analibandika kila mahali kama tangazo la msiba. Leo kaandika bila haya kwamba jitu lenye urefu mara kumi ya mtu wa mita 1.7 huvaa shati la kilo mbili. Eti la mtu lina gramu 200, zidisha kwa kumi, kwisha habari. Kuulizwa kidogo tu, akajibu: "Kajifunze kwanza kuzidisha."

Kilo mbili! Mwili wa mita 17! Hilo ni shati au utando wa buibui?

Haya, tuzidishe basi. Nguo hufunika ngozi, na ngozi ni eneo: urefu mara kumi, upana mara kumi, eneo mara mia. Shati la gramu 200 la kitambaa cha gramu 120 kwa mita ya mraba ni kama mita za mraba 1.67. Jitu linataka 167. Kitambaa kile kile, unene ule ule, hizo ni kilo 20. Sasa zichukue kilo mbili zake uzitandaze kwenye mita za mraba 167: unapata gramu 12 kwa mita. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina gramu 80! Jitu limevalishwa kitu chepesi kuliko karatasi karibu mara saba, halafu linapelekwa vitani. Likipiga chafya tu, kifua wazi.

Na hizo kilo 20 zenyewe ni nguo nyembamba mno kwa mwili ule. Mwili unakua kwa ujazo, mara elfu, kwa hiyo mtu wa kilo 70 anakuwa tani 70. Shati la mtu ni sehemu moja ya 350 ya uzito wake. La jitu, moja ya 3,500. Ukitaka likae mwilini kwa unene kama wetu, kitambaa cha robo milimita kiwe cha milimita mbili na nusu, na hapo shati linafika kilo 200. Chagua 20, chagua 200, chagua katikati, hadithi ni yako. Kilo mbili haimo popote!

Hata cherehani hajawahi kuifikiria. Kitambaa cha jora kina upana wa mita 1.5. Kipande cha mgongo cha sentimita 60 kinakuwa mita 6. Vipande vinne havitoshi, maana kila mshono unakula sentimita moja na nusu kila upande. Ni vitano, na mishono minne ya wima. Halafu mabega. Kwa kitambaa kinene, uzito umezidi mara elfu lakini mshono wa bega umerefuka mara kumi tu, kwa hiyo kila sentimita ya mshono inabeba mara mia. Uzi ule ule wa shati ukiutumia hapo, jitu likinyanyua mkono, kwapa linaachia. Yeye haya yote hayajui, anajua kumi mara mia mbili. KILO MBILI!

VifungoSaba: Mkuu, hujamaliza hesabu. Kifungo cha shati cha milimita 11 kina kama gramu 0.3. Kifungo hukua pande zote tatu, kwa hiyo cha jitu ni gramu 300. Vifungo saba ni kilo 2.1. Hiyo jumla yake imeishia kwenye vifungo, kitambaa bado hakijakatwa.

MkasiMkali: 😂😂 Jitu limevaa vifungo vitupu.

Mpinzani_Halisi: Mleta uzi, punguza herufi kubwa. Nawe hizo kilo 200 umezitaja kirahisi mno, joto umeliacha wapi? Kanuni ya Kleiber ya 1932: joto ambalo mwili huzalisha hupanda kwa uzito kwa kipeo cha robo tatu. Uzito mara 1,000, joto mara 178. Ngozi ni mara 100 tu. Kila mita ya mraba ya ngozi inatakiwa kutoa joto karibu mara 1.8 ya letu, nawe unaifungia kitambaa kinene mara kumi. Koti la sentimita 3 ukilifanya la 30 umelipika jitu. Nguo nyembamba ndiyo sahihi.

Mleta uzi: Joto nakubali, ndiyo maana 20 nimeitaja kwanza. Lakini kilo mbili, ndugu yangu? Kilo MBILI?

PindoLaNje: Mnalia na uzito, mimi wanaoniudhi ni wachoraji. Kata ukanda wa kitambaa, usukume taratibu nje ya ukingo wa meza, uone unainama baada ya sentimita ngapi. Hizo sentimita hazibadiliki hata avae nani. Kwa hiyo shati jembamba kwenye mwili wa mita 17 lina mikunjo midogo midogo mingi, linateleza kama hariri. Wao wanachora mikunjo mitatu minene kama ya suti! Na kinyume chake ni kibaya zaidi: kijitu cha sentimita 17 kikivaa kitambaa chetu, ni kama kimevaa mkeka. Mikono haishuki.

KambaYaNguo: Na kufua je? Kitambaa kinene mara kumi kinabeba maji mara kumi kwa kila mita ya mraba, na maji yanakaukia juu tu. Shati la saa 3 kwenye kamba linataka saa 30. Ndani linaanza kunuka kabla halijakauka.

SoliNgumu: Viatu hamvitaji kabisa, na ndiko kwenye kilio. Uzito mara 1,000, nyayo mara 100, kwa hiyo kila sentimita ya mraba inabeba mara kumi. Mtu akisimama ni kama robo kilo. Jitu, kilo mbili na nusu, karibu na tairi la gari dogo linavyoikandamiza barabara. Galileo alishasema 1638 kwamba jitu lenye umbo letu lingehitaji mifupa minene zaidi au migumu zaidi. Watu wamesahau mifupa, wanashindana vifungo.

MkasiMkali: Kilo mbili na nusu kwa sentimita, kwenye tope linazama mpaka wapi?

SoliNgumu: Tope liache. Soli ya sponji inayobonyea asilimia 3 chini ya mtu itabonyea kama 30 chini ya jitu, hata ukiinenepesha mara kumi. Weka mpira mgumu wa tairi, na kisigino kiwe kipana kuliko mguu.

PindoLaNje: Kipana kwa kiasi gani? Nina mchoro wa buti hapa, kisigino ni chembamba kama kijiti.